Mawe Yanayokula Dagaa

Ukitaka kuchekwa Kigoma, pokea madumu ya maji kutoka kwenye treni. Ziwa liko pale chini, ukitoka stesheni unaliona lote limetanda mpaka Kongo, halafu wewe unaagiza maji Dar es Salaam, tena unamtafuta mtu wa mkokoteni akusukumie kupanda mlima. Rozalia Ciza amechekwa hivyo kwa miaka kadhaa sasa. Wapagazi wamembandika jina la Mama Maji, na wakimwona anakuja na khanga kiunoni wanaulizana kwa sauti kama safari hii ameagiza na upepo. Yeye huwajibu tu washike dumu kwa chini, maana mikono ya madumu yale imechoka.

Rozalia ni mama wa miaka hamsini na kidogo, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba ndoo tangu utoto. Asubuhi anakaanga migebuka, samaki wa ziwani, sokoni Gungu, na mchana anarudi Buzebazeba anakoishi na mama yake mzazi, Bibi Melania, ambaye miguu imemkataa na muda mwingi yuko kitandani. Mume alikuwepo, akaenda kutafuta maisha Mpanda, na inaelekea aliyapata, kwa sababu hakurudi. Watoto wamekua wako kwao. Sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka kabati la vyombo, yeye ameweka tangi la kioo. Ndani yake kuna maji ya bahari, pampu inayonguruma kutwa kucha, na mawe mawili yaliyoota matumbawe ya rangi ya papai lililoiva.

Matumbawe hayo ni wanyama. Watu wengi wakiambiwa hivyo wanatikisa kichwa kwa adabu na kuangalia pembeni, lakini ndivyo yalivyo: yana midomo, yana njaa, na yasipolishwa yanakufa. Yanaitwa matumbawe ya jua, kwa ajili ya ile rangi tu.

Alikutana nayo kazini. Kwa muda mrefu alikuwa mwosha matangi kwenye banda la mgeni mmoja aliyenunua samaki wadogo wa rangi kutoka ziwani na kuwasafirisha Ulaya kwa ndege. Bosi huyo, nyumbani kwake, hakufuga hata samaki mmoja wa Tanganyika. Alifuga bahari. Alimfundisha Rozalia kuyalisha matumbawe siku alizosafiri, na kwa kuwa alisafiri mno, mwisho Rozalia ndiye aliyekuwa anajua yamekula lini. Biashara ilipokufa, bosi akafunga virago. Friji akampa mlinzi, viti akawapa majirani, na Rozalia akaambiwa amwage maji, achukue kioo kama anakitaka, mawe ayatupe jalalani.

"Lakini yako hai," Rozalia alisema.

"Hayataishi huku, mama. Yanataka kulishwa mdomo mmoja mmoja. Nani ataifanya kazi hiyo?"

"Kwani nani alikuwa anaifanya?"

Rozalia hakusubiri jibu. Alikodi guta, akapakia tangi, pampu, gunia la chumvi lililobaki na mawe ndani ya ndoo, akaondoka bila kuagana vizuri. Alikuwa na hasira. Mtu unafuga kitu, unakizoesha mkono wa binadamu, halafu siku ya kuhama unasema jalalani.

Kila aliyeingia kwake alitaka kujua faida. Utauza? Ni dawa? Unangoja watalii? Rozalia alikuwa na jibu moja tu, kwamba ameyapenda, na jibu hilo liliwaudhi watu kuliko uongo wowote ambao angeutunga. Mwanaume akifuga njiwa, au akinunua redio ya pili wakati ya kwanza inaimba, haulizwi. Mama wa makamo akipenda kitu kisichouzwa wala kuliwa, ukoo mzima unataka kikao.

Makosa aliyafanya, tena makubwa. Lile gunia la bosi lilikuwa la chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari, nalo likaisha. Sasa, mtu wa mkoa huu haulizi chumvi inatoka wapi. Inatoka Uvinza. Rozalia akanunua chumvi ya Uvinza, akakoroga na maji ya ziwa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akaridhika. Chumvi ni chumvi, alijiambia, na hii imepikia mababu zetu wote. Matumbawe hayakuwa na habari na mababu zake. Yalifunga midomo. Mwanzoni alidhani yamenuna kwa sababu tangi lilisogezwa upande mwingine. Baadaye ile nyama ya rangi ya papai ikaanza kujivuta, mfupa mweupe ukatokeza pembeni kama jino lililoachwa na ufizi, na jiwe la tatu, dogo kuliko yote, likafa na kunuka mpaka Bibi Melania akauliza kutoka chumbani kama kuna panya.

Rozalia alilia siku hiyo, na alijilaani mwenyewe kwa sauti. Bahari, kumbe, ina chumvi na mambo mengine chungu nzima, chokaa na madini ya kila namna, ambayo chumvi ya jikoni haiwezi kuyaleta. Mwenye akili za kawaida angeishia hapo. Yeye alisema kama chumvi haitoshi, basi bahari yenyewe ije. Akampigia simu Telesphory, mtoto wa mjomba wake, ambaye anafanya kazi kwenye treni. Telesphory alicheka mpaka akakohoa, lakini ni mtu wa kukubali, na tangu hapo kila anapopata nafasi anateka maji ufukweni Dar, mbali na bandari na uchafu wa mji, anajaza madumu na kuyafunga vizuri kwa nailoni. Bahari ikaanza kuja Kigoma kwa reli, inachelewa kama abiria wengine, lakini inafika.

Kazi yenyewe hasa ni kulisha. Kuna matumbawe mengine, ukiyawekea taa tu yanajitegemea. Haya hayaishi kwa mwanga, yanataka nyama, na ndiyo maana ana kitenge cha zamani cha kufunikia tangi akimaliza kulisha. Anachukua dagaa wabichi wa ziwani, anawatoa vichwa na matumbo, anawakatakata kwa wembe mpaka vipande vinakuwa kama punje za mtama. Anazima pampu, anadondosha mchuzi kidogo wa dagaa majini, halafu anangoja. Mwanzoni ni vifundo tu vilivyofumba. Harufu ikivifikia vinavimba, tundu linafunguka katikati, na vidole vyembamba vya njano vinatoka pande zote kutafuta. Hapo anafunika jiwe kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako ili chakula kisisambae, anapitisha mrija wa bomba la sindano kwenye shingo ya chupa, anaweka kipande juu ya mdomo mmoja, kisha mwingine. Huwezi kulisha wachache ukategemea waliobaki watashiba kwa undugu. Mdomo uliorukwa leo na kesho unakonda mbele ya macho yako.

Na hapo ndipo Salamu Maria ilipoingia. Ukiharakia mdomo wa pili kabla ule wa kwanza haujashika chakula vizuri, kipande kinateleza, kinaanguka chini na kuozesha maji. Ni lazima usubiri. Saa hana, na mikono yote iko majini. Akagundua kwamba Salamu Maria moja, ikisaliwa bila papara, inatosha kabisa. Kipande, Salamu Maria, mdomo unaofuata. Rozari nzima inamaliza mawe yote na kubaki kidogo kwa ajili ya marehemu. Alianza kwa kutafuta kipimo, na ukimwuliza leo kama bado ni kipimo tu, atakuambia ukamwulize Bikira mwenyewe.

Sasa Winfrida, jirani yake, ni mwanamke mwema, ila mdomo wake hauna komeo. Alasiri moja alikuja kurudisha sufuria, akapita upande wa dirisha, akamwona Rozalia ameinama juu ya tangi, kichwa kimefunikwa khanga, ananong'ona Salamu Maria, na chini ya uso wake vitu vya rangi ya moto vinafumbuka vyenyewe. Winfrida akaweka sufuria mlangoni na kuondoka kinyumenyume. Alimwambia mtu mmoja tu. Yule mtu naye alimwambia mmoja tu. Mpaka soko linafungwa kesho yake, Rozalia alikuwa anayasalia mawe rozari, maji ya treni yalikuwa yametoka kwa mganga wa pwani na jini lake ndani, na mawe, ukitega sikio, yanaitikia Amina.

Mwenyekiti wa jumuiya yao, ile ya kusali nyumba kwa nyumba, anaitwa Bonifasi. Anauza sabuni na mafuta ya kula, na ni mtu mwenye kumwogopa Mungu kweli, hilo hakuna anayemnyima. Hakwenda kwa kificho. Alikuja mchana, akabisha hodi, akasimama mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu ndani, Mwenyekiti."

"Hapa hapa panatosha. Mama Rozalia, nasikia unayasalia mawe."

"Nasali nikiyalisha. Hata nikisonga ugali nasali. Ugali nao ni mungu wangu?"

"Ugali haufungui mdomo," Bonifasi alisema.

Hilo lilikuwa jibu zuri, na Rozalia alilikubali kimoyomoyo. Akamwomba aingie aone mwenyewe, ashike hata chupa. Bonifasi akakataa. Alisema Ijumaa ijayo ni zamu ya jumuiya kusali nyumba hii, na yeye hawezi kupigisha watu magoti mbele ya kitu kama kile. Kiondoke, au zamu ipite. Na nyumba ikirukwa, aliongeza huku anatazama viatu vyake, si anajua inakuwaje.

"Inakuwaje?"

"Bibi ni mgonjwa, mama. Usinifanye niseme."

Hakuwa na haja ya kusema. Mtaani kwao jumuiya ndiyo inayozika. Wanaume wanachimba, wanawake wanapika, na waimbaji wanaimba kuanzia mlangoni mpaka udongo wa mwisho. Nyumba isiyosali na wenzake inajizika yenyewe. Na Bibi Melania, katika dunia hii, amebakiza ombi moja. Alipovuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, mtoto wake wa kwanza alimfia mgongoni, kwenye vilima vya juu ya Kagunga. Alizikwa kando ya njia, kimya kimya, kwa sababu wimbo ungewaleta wenye bunduki. Rozalia alizaliwa baadaye, upande huu, na amelisikia ombi hilo tangu akiwa mtoto: mama yake anataka kuzikwa kwa kelele. Nyimbo, vilio, watu wa kukanyagana.

Kwa hiyo Bonifasi alikuwa amegusa penyewe. Wiki ile Rozalia alikaanga samaki wakaungua. Alirudi nyumbani akakaa mbele ya tangi bila kufunua kitenge, akahesabu moyoni ni hatua chache kiasi gani mpaka jalalani. Ingekuwa kazi ya dakika chache. Mawe mawili kwenye ndoo, basi, amani na mtaa mzima. Alijisikia mchoyo, binti anayeshindanisha mama yake na midomo isiyojua hata jina lake. Halafu alimkumbuka bosi na lile jalala lake, na hasira ikarudi, na akafurahi ilivyorudi. Kwa mama yake hakusema neno. Aliogopa kumwuliza kwa sababu aliogopa jibu.

Ijumaa ilipofika alifagia, akatandika mikeka, akawasha mshumaa mbele ya picha ya Bikira. Kisha akafunua kitenge chote, tangi likawa wazi, akatoa dagaa na wembe.

Walikuja. Alasiri, Bonifasi mbele, Winfrida na wengine kumi na kitu nyuma yake, wakajaa mlangoni na barazani. Hakuna aliyevua viatu.

"Hukukitoa," Bonifasi alisema.

"Sikukitoa. Karibuni mikekani."

"Tulikubaliana."

"Ulikubaliana wewe na viatu vyako. Mimi nilinyamaza tu." Rozalia aliweka wembe chini. "Mwenyekiti, hapa mnasali au hamsali, hiyo ni juu yenu. Ila Ijumaa ijayo mnasali kwa Winfrida. Nitakuja. Nitakaa mkekani mbele kama siku zote, na anayetaka kuninyanyua aje ameshiba vizuri."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Bonifasi alikuwa amefika na watu wake na sasa hakuwa na pa kurudi nyuma, na mtu wa namna hiyo husema zaidi ya alivyokusudia. Alipandisha sauti ili isikike mpaka ndani.

"Basi siku ya msiba usitulilie. Jembe letu halitaingia uwanja huu."

Rozalia aliona haya, si kwa ajili yake, bali kwa kuwa neno hilo limesemwa huku mama yake yuko nyuma ya pazia.

"Nani huyo anazungumzia kaburi langu?" sauti ya Bibi Melania ikatoka chumbani. "Rozalia, nitoe huku. Nataka kumwona."

Winfrida ndiye aliyekimbilia ndani kusaidia, labda kwa sababu dhamiri ilikuwa inamchoma. Walimbeba kwenye kiti cha plastiki, wakamweka karibu na tangi, khanga magotini. Watu wote, hata waliokuwa wameshikilia hasira, wakasema shikamoo. Bibi akaitikia marahaba bila haraka, akawapitia mmoja mmoja kwa macho mpaka akamfikia mwenyekiti.

"Wewe si mtoto wa Feliksi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Baba yako alikuwa na sauti ndogo. Wewe umeitoa wapi hiyo?" Bonifasi akatazama viatu vyake. "Sikiliza, mwana wanje. Mtoto wangu wa kwanza nilimzika kwa mikono hii na kipande cha sufuria. Hakuna aliyeimba. Hakuna jumuiya. Amelala, na hajawahi kurudi kunilalamikia. Basi kaburi usinitishe nalo. Mimi na kaburi tunafahamiana."

"Bibi, mimi sikutaka..."

"Subiri. Ego, ndiyo, nataka kelele. Nimezitaka maisha yangu yote, na huyu anajua, ndiyo maana wiki nzima anaunguza samaki, anarudi na moshi wake, na kudhani mimi sina pua." Hakumtazama Rozalia. "Lakini sizitaki kelele za kununua kwa kumwinamisha mwanangu ndani ya nyumba yake. Oya, hapana. Hizo muimbiane wenyewe."

Rozalia alisimama na mikono yenye harufu ya dagaa, machozi yanamtoka. Wiki nzima alikuwa amejifunga kwa kamba ambayo mama yake hakuwa ameishika.

"Na jambo la mwisho," Bibi Melania alisema, akiwa ametulia kabisa. "Siku nikifa mtanizika. Msiponizika, nitanuka. Na upepo wa ziwa jioni unapanda kwenda kwako, Bonifasi."

Winfrida alijaribu kuzuia kicheko kwa kiganja, kikamtoka puani. Mwingine akacheka barazani, kisha mwingine. Bonifasi hakucheka. Aliangalia watu wake na kuona wengine wameshaanza kupiga hatua kuelekea nje na wengine wameshaanza kuvua viatu, na kwamba wote walikuwa wamekoma kumtazama yeye ili wajue la kufanya.

Rozalia alijifuta uso kwa bega. Muda wa kulisha ulikuwa umepita, na hakuna anayeweza kuyaeleza matumbawe kwamba kulikuwa na kikao. Akazima pampu. Akadondosha mchuzi wa dagaa majini na kungoja, na waliobaki wakangoja naye mpaka kifundo cha kwanza kikavimba na vidole vya njano vikaanza kuchomoza. Winfrida alisogea akapiga magoti karibu na kioo, akasahau kuogopa. Rozalia akafunika jiwe kwa chupa, akaweka kipande cha kwanza, akaanza Salamu Maria kwa sauti, wala si kwa kunong'ona kama siku nyingine, kwa sauti ya kufika barabarani.

Nusu ya pili ya sala aliitikia mama yake, kwa Kirundi. Ya mdomo wa pili aliitikia mama yake na Winfrida. Kufikia upande wa nyuma wa jiwe, mikeka ilikuwa imepata watu, si wote, lakini wa kutosha. Wengine walikuwa wameshaenda, na viatu vya Bonifasi vilikuwa bado kizingitini na yeye mwenyewe ndani yake, hajaingia wala hajaondoka. Rozalia hakugeuka kuangalia kama midomo ya mwenyekiti inaitikia au imefumba.

"Bado midomo mingapi?" Bibi Melania aliuliza katikati ya sala, maana mgongo ulikuwa unamuuma.

"Bado mingi, mama. Bado jiwe lote la pili."

"Basi endelea. Mwenye haraka anauona mlango."